Droo Tatu za Mama

Yule fundi cherehani waliyemwita Nyoosha hakuwahi kuona kitu kilichopinda akakiacha. Jina alipewa na mafundi wenzake pale kibandani, kwa sababu kila mteja aliyeingia amevaa nguo iliyokaa upande alilisikia neno hilo kabla hata ya salamu. Alinyoosha mapindo, alinyoosha vitambaa rafuni, na akialikwa kwa watu alinyoosha hata vijiko vya wenyeji wake, jambo lililowaudhi wengi na yeye asijue. Alikuwa mwanamke mwema. Nalisema hilo mapema, maana huko mbele utatamani kumlaumu, na mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa.

Kwao walizaliwa wawili tu. Mkubwa wake alikuwa kaka yake, mpima ardhi, ambaye tangu ujana watu walimwita Futi kwa ajili ya ule utepe wa kupimia usiotoka mfukoni. Futi hakuamini kitu ambacho hajakipima. Baba yao alifariki zamani. Mama yao alipika katika jiko la shule kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa jiko hilohilo.

Macho ya Mama yalikuwa yakimsumbua. Presha ya macho, walisema hospitali, ugonjwa unaokuibia polepole kama mpangaji mjanja. Mama aliwaambia wanawe kwamba ni ukungu tu, anaona vya kutosha, nao wakaamini kwa sababu kila walipofika walimkuta anapika, anapepeta, anaosha vyombo na kuwatania. Kisha mwezi mmoja aliungua kiganja. Futi alipoiona ile bendeji hakugomba. Aliita kikao cha watu watatu, akasema wazi anachokiogopa: kwamba siku moja atapigiwa simu na jirani. Kwake kulikuwa na chumba cha nyuma, kisafi, karibu na choo. Mama angehamia huko, na nyumba hii wangeipangisha.

Mama alikataa katakata. Alisema akitoka humu atakuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe Futi akafanya alichozoea kufanya, akaweka kipimo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja asubuhi, akae kwenye kiti cha jikoni, afunge mdomo. Mama ajitengenezee chai na akaange yai, mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Akiweza, habari ya kuhama itakufa na hakuna atakayeifufua. Akishindwa, afungashe. Mama alikubali haraka mno, tena huku anacheka, hata Nyoosha akashangaa.

Nyoosha yeye hakucheka. Alikuwa akiliangalia jiko.

Kabati la Mama halikuwa kabati. Ilikuwa meza ya ofisi aliyopewa na shule alipostaafu, ya mbao nzito, yenye droo tatu upande wa kulia, na ndani ya droo hizo mlikuwa na balaa. Kibiriti kilikaa ndani ya soksi ya mtoto mchanga. Kisu kilikuwa kimefungwa uzi kwenye mpini, uzi mweusi wa masizi. Mikebe miwili iliyofanana, ya maziwa ya unga, ndiyo iliyotunza chumvi na sukari, na mmoja ulikuwa umevishwa mipira miwili ya kufungia bila sababu yoyote. Mfuko wa majani ya chai ulikuwa umeshonewa kitufe cha koti. Kulikuwa na vibanio vya nguo kwenye vijiko, kitambaa kwenye mpini wa kijiko kikubwa, na katikati ya yote hayo mishumaa, vifuniko visivyo na chupa na chupa zisizo na vifuniko. Nyoosha alitazama, akaona jinsi Mama alivyoungua: mafuta yanachemka jikoni, yeye yuko kwenye dampo hili anatafuta mwiko. Akaapa moyoni kwamba Mama hatanyang'anywa nyumba yake kwa ajili ya droo tatu.

Nafasi ilipatikana. Wiki ile ya mtihani Futi alimpeleka Mama hospitali kubwa kwa kipimo cha macho, walale huko siku mbili. Nyoosha akabaki na ufunguo.

Kwanza alikwenda duka la vyombo, lile lenye vioo, ambako aliwahi kuona trei za plastiki zenye vyumba vyumba, za kupangia droo. Aliuliza bei, akashukuru, akatoka bila kugeuza shingo. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake ulikuwa mtupu tangu msimu wa sare upite. Basi akaenda kwa muuza viatu aliye jirani na kibanda chao, akaomba maboksi. Yule bwana akamuuliza kama anafungua duka la kushindana naye. Alipoambiwa ni ya droo za mama mzazi, alimpa kumi na manne na kamba ya kuyafungia, akakataa asante.

Aliyakata kwa mkasi wa vitambaa, dhambi ambayo fundi mwingine yeyote angetengwa kwayo. Alipika gundi ya unga wa ngano. Kila ukuta wa boksi aliupima mara mbili, akauvika vitambaa vya mabaki, vya maua kwenye droo ya juu, vya mistari kwenye ya kati, vyeupe kwenye ya chini. Visu akavitengenezea vyumba virefu, vijiko vikalala kwa ukubwa. Vyombo vyote alivichemsha na kuvisugua. Zile nyuzi alizikata, soksi akaitupa, kitufe akakikwangua na kukiweka pamoja na vitufe vyake, na mipira yote ya kufungia akaikusanya kwenye chumba kimoja kidogo kizuri. Mwisho alichukua kalamu nene akaandika vibandiko: CHUMVI, SUKARI, KIBIRITI, VISU. Herufi zilikuwa nene kama kidole gumba. Alizifanya hivyo kwa sababu Mama alisema anaona vya kutosha.

Jioni ya siku ya pili alisimama akavuta droo moja baada ya nyingine. Ziliteleza bila kelele. Alifurahi mpaka akajikuta anaimba, na si mwimbaji.

Mama aliporudi, Nyoosha alimshika mabega akampeleka mpaka mezani, akamfungulia. Mama alisimama ameinamisha uso kuelekea kwenye droo, anatabasamu. Kisha akaingiza mkono, akapitisha vidole juu ya kuta za maboksi taratibu, ukuta kwa ukuta, hadi mwisho wa droo na kurudi. Nyoosha akadhani amezidiwa na furaha.

"Umefanya kazi, mwanangu," Mama alisema.

Baadaye kidogo aliuliza kama ile soksi ipo. Nyoosha akamwambia ameitupa, ilikuwa imechakaa.

"Sawa," Mama akasema. "Kweli ilikuwa imechoka."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Nyoosha alikuwa na nguo kumi na mbili za kumalizia, hakwenda. Jirani alimwambia baadaye kwamba siku ile nzima alisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, zikifunguliwa na kufungwa, akadhani bibi anazifurahia.

Jumamosi walikaa jikoni, Futi kwenye kiti, Nyoosha mlangoni. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na plasta, na Nyoosha aliviona akavipuuza. Futi alisema neno moja tu, "Karibu, Mama," kama msimamizi wa mtihani, kisha akafunga mdomo kama alivyoahidi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mama alitundua sufuria kwenye msumari wake, akakinga maji bila kumwaga hata tone, akaitua jikoni katikati kabisa. Futi alimtupia dada yake jicho, na ilionekana naye alikuwa anaomba ashindwe kwenye dau lake mwenyewe. Mama akafungulia gesi kwa mkono wa kushoto. Wakati huohuo, kama alivyofanya maelfu ya mara, mkono wa kulia ulivuta droo ya juu ukaenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyuma, bila kusita, kama mtu anayejikuna sikio.

Ukagonga ukuta wa boksi.

Ukasimama. Ukapanda ukuta, ukaingia chumba cha pili, ukashika vibanio. Ukaingia cha tatu, mishumaa. Gesi ilikuwa inapumua. Mkono ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukaparamia kile chumba cha mipira, ukatoka na kiboksi kidogo cha vijiti vya kuchokolea meno. Mama akachomoa kijiti, akakisugua kwenye ubavu wa boksi. Akasugua tena. Nyoosha moyoni alikuwa anapiga kelele: Mama, imeandikwa, iko mbele ya pua yako, KIBIRITI. Ndipo akainua macho kumwangalia mamake usoni, akaona kwamba macho yale yalikuwa yameelekea ukutani, juu kabisa ya meza, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote.

Aliona yote kwa mara moja: uzi, soksi, kitufe, mipira miwili ya chumvi.

Futi aliinuka akafunga gesi. Akafungua dirisha na mlango wa nyuma. Kisha akaja akasimama mbele ya Mama, karibu sana.

"Mama, unaniona?"

"Nakusikia, mwanangu."

Futi, mwanaume mwenye mvi, aliketi chini kwenye sakafu ya jiko akajifunika uso. Mama alipomsikia analia alipapasa mpaka akakipata kichwa chake, akaanza kumpoza, akisema leo macho yameamka mazito, si kila siku, ni leo tu. Kuhusu droo hakutaja hata nusu neno. Angeweza. Neno moja tu, kwamba binti amehamisha kila kitu, na mtihani ungekuwa na sababu ya kurudiwa. Alimeza, kama wazazi wanavyomeza, na Nyoosha ndiye aliyetapika.

"Kaka, kosa ni langu," alisema. "Alikuwa anaweza. Mimi ndiye niliyevuruga."

Futi alimtazama bila hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Mdogo wangu," alisema, "mtu anayeona, ukimhamishia kibiriti atakitafuta kwa macho."

Polepole, kwa kuulizwa, Mama akaeleza. Alikuwa haoni tangu mvua za mwaka juzi. Kwanza lilikwenda jicho la kushoto, kisha la kulia likalifuata kwa aibu. Kilichobaki ni kujua kama ni mchana. Daktari alijua, akaombwa anyamaze. Mkebe wenye mipira ni chumvi, usio nayo ni sukari. Kisu chenye uzi ni kile kikali. Soksi ilikuwa ya Nyoosha mwenyewe alipokuwa mchanga, na Mama aliitumia kwa sababu hakuna kitu kingine ndani ya nyumba chenye kitambaa laini hivyo, mkono hauwezi kukikosea. Kuungua kiganja ilikuwa bahati mbaya, hata wenye macho huungua. Nyoosha akamuuliza kwa nini hakuwaambia.

"Ningewaambia, mngenihamisha siku ileile," Mama akasema.

Futi hakuwa jiwe. Aliposikia yote hayo alitoa wiki moja. Alisema kama Mama aliweza miaka miwili bila macho basi na aoneshe, na yeye atakula maneno yake. Nyoosha alimshukuru mpaka akaona haya. Alifunga kazi kibandani, akahamia kwa Mama.

Aliyang'oa maboksi yote. Ile gundi ya unga ilikuwa imeshika kisawasawa, ikabidi akwangue kwa kisu, na kila kipande kilichotoka na ua lake kilimkumbusha alivyoimba. Alifunga uzi kwenye kisu. Alivisha mkebe mipira miwili. Gari la taka lilikuwa limeshapita na soksi, basi akashona nyingine kwa kitambaa laini kuliko vyote alivyopata, mtindo uleule. Kisha akamimina vyombo mezani, akamwomba Mama amwambie: kisu kilikaa wapi, upande gani, juu ya nini?

Mama alifikiri, akasema labda kushoto, kisha akasema la, kushoto kulikuwa na mwiko, au mwiko ulikuwa wa droo ya kati.

"Sijui, mwanangu," alisema, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa. "Mikono ndiyo iliyokuwa inajua. Mimi sikuwahi kuiuliza."

Wakajaribu hivyohivyo. Nyoosha, ambaye maisha yake yote alikuwa adui wa fujo, alikaa siku tatu akijaribu kuikumbuka fujo, na fujo haina pa kushikia. Alikuwa ameitazama mara mia kwa kuichukia, kumbe hakuiona hata mara moja. Waliweka kisu huku, wakakihamishia kule. Mkono wa Mama ulianza safari kuelekea mahali pa zamani, ukafika nusu, ukakumbuka maboksi, ukageuka, ukasita hewani. Zamani ulikuwa mkono wa mpishi. Sasa ulikuwa unaomba ruhusa kila mahali. Na tangu ile asubuhi ya gesi Mama aliogopa jiko lake, jambo ambalo hata upofu haukuwahi kumfanyia. Siku ya nne alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote ili binti yake asijue, na binti alikuwa amesimama palepale anamwangalia.

Jirani alikuja kuwapa pole, akasema walisema wahenga, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nyoosha aliitikia kwa adabu. Lakini aliijua hesabu: miaka miwili Mama alikuwa amefiwa na macho tu, mpaka yeye alipoingia na mkasi wake kumsaidia.

Siku ya tano, asubuhi, Mama alikuwa na kijiko mkononi akitafuta pa kukirudisha. Alikishikilia kwa muda. Halafu akakiweka juu ya meza, wazi, kama mtu wa kawaida tu anayetua kijiko, akavuta kiti akaketi.

"Mwambie kaka yako aje na gari," alisema.

Nyoosha alimwambia bado siku mbili. Akamwambia leo wamefanya vizuri kuliko jana, uongo mtupu. Alipiga magoti akamshika miguu, akamwambia atahamia hapa kabisa, atakaa naye, atashonea sebuleni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba chumba cha pili kina paa linalovuja, kwamba wateja wa cherehani hawafuati fundi pembeni ya mji, na kwamba amechoka kufundishwa nyumba yake mwenyewe. Hakulia. Nyoosha alilia kwa wote wawili, na haikusaidia.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, alikwenda kuwatembelea kwa Futi. Chumba cha nyuma kilikuwa kisafi kweli. Wifi yake alikuwa mtu wa moyo, hakuna anayeweza kumsema. Alimwogesha Mama, alimsuka, alimtilia sukari kwenye chai na kuikoroga kabla ya kumkabidhi kikombe, na Mama akijaribu kuinuka alimwambia, "Kaa tu, Mama, pumzika, mimi nipo." Kitanda kilitandikwa bila mkunjo. Kijimeza kilikuwa hapa leo na pale kesho, kufuatana na ufagio ulivyopita. Mama alikaa kwenye kiti katikati ya chumba, mikono mapajani, kiganja kimoja juu ya kingine. Mikono hiyo ilikuwa imeanza kulainika.

Waliongea habari za kibanda, za jirani, za wapangaji wapya kule nyumbani. Wifi alipotoka kwenda kuanua nguo, Mama aliinua uso akasikiliza mpaka hatua zilipopotea. Kisha akasogeza kichwa karibu na cha binti yake na kusema kwa sauti ya chini, ile ya kuuliza jambo la aibu.

"Mwanangu, humu ndani dirisha liko upande gani?"

Nyoosha aliliangalia lile dirisha. Lilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti, kubwa, na pazia lake lilikuwa limekaa upande. Alitaka kumshika Mama mkono, amwinue, waende wote mpaka kwenye kizingiti akiguse. Akauangalia mkono wake mwenyewe, akaogopa.

"Nyuma yako, Mama," alisema. "Upande wa kushoto."

"Ahaa," Mama akasema, akashukuru. Hakugeuka.